Madirisha yanapotea, Ctrl+F12 imegoma, maandishi yanaingia dirisha lingine: nirudi Windows?

"Habari fundi. Nina kabiashara ka kuchapa na fotokopi hapa Busia upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Niko na desktop mbili za zamani, RAM 4GB kila moja, na mtoto wa dada yangu alitoa Windows akaweka Linux Mint yenye desktop ya Xfce. Spidi imekuwa nzuri na virusi vya flash za wateja vimepungua, hapo sina neno. Shida ni hizi. Kwanza, naweza kuwa na CV ya mtu iko wazi, nikizungusha gurudumu la mausi kidogo tu madirisha yote yanapotea, nabaki na picha tupu ya desktop na mteja ananiangalia. Saa zingine dirisha linabaki mstari wa juu peke yake. Pili, kwenye LibreOffice nikibonyeza Ctrl+F12 niweke jedwali hakuna kinachotokea, na Ctrl+F3 inanipeleka pengine kabisa. Kwenye Inkscape, mahali natengenezea kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho wa ndoa), nikishika Alt nikakliki, dirisha zima ndio linasogea. Tatu, nikiwa naandika, dirisha lingine linachomoza na maneno yangu yanaingia huko. Juzi neno la siri la mteja liliingia kwenye chat yangu mbele ya watu. Kijana alibadilisha faili fulani ya seting lakini tukizima na kuwasha inarudi ilivyokuwa. Mimi nikajaribu kuweka focus, yaani dirisha linalopokea ninachoandika, ifuate mausi, ikawa mbaya zaidi. Anasema tuweke Windows tena tuachane na haya. Nifanye nini?"

Dada, asante kwa kueleza kitu kimoja kimoja, manake hapo umenipa karibu kila ninachohitaji. Nikikuelewa vizuri unaogopa mambo mawili: kwamba mashine imeharibika na kazi za wateja zinapotea, na kwamba huyo kijana amekuwekea kitu ambacho hakifai biashara. Mashine yako haijaharibika, na hakuna CV hata moja iliyopotea kwa sababu ya gurudumu la mausi. Yote uliyoyataja yanatoka kwa programu moja tu, nayo inafanya vile ilivyoagizwa kufanya, ila maagizo hayo yaliandikwa na mtu ambaye hakuwa anafikiria bureau ya kuchapa yenye foleni. Na maagizo yanabadilishwa.

Hiyo programu ni meneja wa madirisha. Kwenye Xfce jina lake ni xfwm4. Kazi yake ni kuweka fremu kwenye kila dirisha, ule mstari wa juu wenye jina na vitufe vya kufunga, kuamua dirisha gani liko mbele, gani liko nyuma, na gani linapokea unachoandika. LibreOffice haiamui ikae wapi kwenye skrini wala kama ifunikwe, hayo yote si yake. Watu wengi hawajui kama hii programu ipo kwa sababu kwenye Windows imeshonwa ndani kabisa huioni, lakini kwenye Linux ni kitu cha peke yake, unaweza kukibadilisha, hata kukitoa na kuweka kingine bila kugusa faili zako.

Sasa elewa safari ya kitufe, kwa sababu hapa ndipo siri yote ilipo. Ukibonyeza Ctrl+F12, ujumbe unatoka kwenye kibodi unafika kwa mfumo wa X, ule unaochora skrini, ambao toleo lake la 11 tunalotumia mpaka leo lilitoka mwaka 1987. Kabla X hajampa LibreOffice hicho kitufe, anaangalia kwanza: je, kuna programu ilishakuja asubuhi ikasema "Ctrl+F12 ni yangu, popote pale itakapobonyezwa nipeni mimi"? Kama ipo, anapewa huyo, na LibreOffice haioni kitu, yaani kwake ni kama hukubonyeza. Ni kama askari wa getini ambaye amepewa orodha ya majina: mgeni akiwa kwenye orodha anachukuliwa hapo hapo getini, aliye ndani ya nyumba hatajua hata kama kuna mtu alikuja.

Na Xfce ilivyotoka kwa watengenezaji wake, meneja wa madirisha anachukua Ctrl+F1 mpaka Ctrl+F12 yote kumi na mbili. Anazitumia kuhamia eneo la kazi namba 1, namba 2, hadi 12. Maeneo ya kazi ni desktop kadhaa ndani ya mashine moja, kila moja na madirisha yake, unaona moja kwa wakati. Kwa hiyo ukibonyeza Ctrl+F3 ukitaka maandishi ya kujijaza ya LibreOffice, unahamishwa eneo la tatu, ambalo pengine liko tupu. Ukibonyeza Ctrl+F12 ukitaka jedwali, yeye anakichukua, anaangalia, anaona eneo la 12 halipo, anaacha. Kitufe kimeshaliwa lakini hakuna kilichofanyika, ndio maana umeona kimya. Hata ukipunguza maeneo ubaki na moja tu haitasaidia, manake anaendelea kukikamata hata kama hana pa kukupeleka. Lazima umnyang'anye kwenye orodha yake.

Inkscape ni hadithi hiyo hiyo, ila hapo ni kitufe cha mausi. Inkscape inatumia Alt pamoja na kliki kuchagua kitu kilichofunikwa na kingine, na kwenye kadi za kwanjula, mahali una maua juu ya fremu juu ya rangi, unakihitaji sana. Lakini xfwm4 nayo inasema Alt ikishikwa na mausi ikabonyezwa popote ndani ya dirisha, hiyo ni amri ya kusogeza dirisha. Inafika kwake kwanza. Inkscape haina kosa lolote.

Na madirisha yanayopotea? Xfce ina seting inayosema gurudumu la mausi likizungushwa juu ya desktop tupu, hama eneo la kazi. Wewe unafikiri unashusha ukurasa wa CV, kumbe mshale wa mausi umetoka nje ya dirisha kidogo ukakaa juu ya picha ya desktop, ukazungusha, ukahamishwa eneo la pili. CV iko pale pale eneo la kwanza, iko wazi, hata mshale wa kuandika uko kwenye neno ulilofika. Ukizungusha kurudi nyuma inarudi. Na lile dirisha linalobaki mstari wa juu peke yake, hapo ulizungusha gurudumu mshale ukiwa juu ya mstari wa jina, na hiyo ni amri ya kulikunja dirisha. Zungusha upande wa pili, linafunguka.

Tukishaelewa hivyo, marekebisho yenyewe ni ya dakika chache. Fungua menyu, nenda Settings, utaona vitu viwili ambavyo majina yanafanana na watu wanavichanganya kila siku: Window Manager na Window Manager Tweaks. Tutatumia vyote viwili. Fanya hivi saa ambayo huna wateja.

Anza na Window Manager Tweaks. Kwenye tabu ya Workspaces, toa tiki kwenye mstari unaosema "Use the mouse wheel on the desktop to switch workspaces". Kwenye tabu ya Accessibility, toa tiki kwenye ule wa kukunja dirisha kwa gurudumu, "Use mouse wheel on title bar to roll up the window", na hapo hapo kuna "Key used to grab and move windows", imeandikwa Alt, ibadilishe iwe Super. Super ni kile kitufe chenye alama ya Windows. Kuanzia hapo Inkscape itapata Alt yake, na wewe ukitaka kusogeza dirisha kwa kushika popote utashika Super. Hakuna cha kusevu, ukibadilisha inafanya kazi papo hapo.

Bado uko Tweaks, nenda tabu ya Cycling, weka tiki kwenye ile ya kupitia madirisha ya maeneo yote ya kazi. Hii mimi naipenda sana kwa mtu wa biashara, kwa sababu hata siku dirisha limekwenda eneo lingine, Alt+Tab italionyesha na ukilichagua utapelekwa lilipo. Na kwenye paneli ya chini, bonyeza kulia kwenye ile sehemu ya majina ya madirisha, ingia Properties, weka ionyeshe madirisha ya maeneo yote. Ukifanya hizi mbili neno "limepotea" litaisha hapo dukani kwako.

Sasa vitufe. Fungua Window Manager, ile ya kwanza, tabu ya Keyboard. Utaona orodha ndefu, kila kazi na kitufe chake. Shuka mpaka mistari ya Workspace 1 hadi Workspace 12, chagua mmoja mmoja ubonyeze Clear. Ni kazi ya kuchosha kidogo lakini unaifanya mara moja. Kuna watu watakwambia futa zile tu zinazogongana na LibreOffice, mimi nasema futa zote kumi na mbili, manake leo unatumia F3 na F12, kesho utahitaji F10 ya kuonyesha alama za aya na nafasi, na hutakumbuka kwa nini imekataa. Inawezekana Mint yako tayari imebadilishwa kidogo na wale waliyoitengeneza, kwa hiyo usishtuke ukikuta mistari mingine iko tupu tangu mwanzo.

Ushauri wangu mkubwa katika barua hii yote ni huu: gawanya vitufe kwa mali ya nani. Ctrl na Alt ziwe za programu, yaani LibreOffice, Inkscape, Firefox. Super iwe ya meneja wa madirisha. Ukishika mgawanyo huo, kugongana kunaisha karibu kote, kwa sababu programu za kawaida haziigusi Super. Isipokuwa Alt+Tab na Alt+F4, hizo ziache, vidole vya watu wote vimeshazizoea.

Kwa hiyo kwenye orodha ile ile, tafuta "Tile window to the left", bonyeza mara mbili, ukiombwa kitufe piga Super na mshale wa kushoto. Ya kulia vivyo hivyo. Hii ndio itakufaa kuliko zote, nakuambia. Mteja ameleta karatasi iliyoskaniwa, anataka ichapwe upya, unaweka picha ya karatasi kushoto na Writer, ile ya LibreOffice ya kuandikia, kulia, kila moja nusu ya skrini, kwa vitufe viwili bila kushika mausi. Au ajenti wa forodha amesimama na invoisi, unaweka invoisi upande mmoja na fomu ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, upande wa pili, unasoma huku unajaza kule, makosa ya namba yanapungua kabisa. Super na mshale wa juu iwe ya kujaza skrini nzima. Super+D iwe ya kuonyesha desktop. Kama utabaki na maeneo mawili ya kazi, Super+1 na Super+2 zikupeleke huko, na kama huyatumii kabisa nenda Settings, Workspaces, uweke namba 1 yaishe. Binafsi ningebaki na mawili, kazi za wateja eneo moja, hesabu zako za duka eneo lingine ambalo mteja haoni, lakini hilo ni la mtu na mazoea yake.

Xfce ikikuta kitufe unachoweka kinatumika na kazi yake nyingine, itakuuliza ibaki ipi. Usidanganyike ukadhani itakuonya kwa kila mgongano. Inajua vitufe vyake peke yake, haijui LibreOffice ndani kuna nini.

Kuna kitu kimoja kinaweza kukusumbua hapo. Kwenye Mint, kitufe cha Super kikibonyezwa peke yake kinafungua menyu. Kwenye mashine nyingine hasa zenye matoleo ya zamani, ukishika Super ukapiga mshale, menyu nayo inachomoka. Ikikutokea, hamisha menyu iende kwa kitufe kingine. Na hapa ndipo watu wanapotea, kwa sababu hiyo ya menyu hutaiona kwenye Window Manager hata utafute mpaka jioni. Iko Settings, Keyboard, tabu ya Application Shortcuts. Xfce inaweka vitufe sehemu mbili kwa sababu vinashikwa na programu mbili tofauti: vya kupanga madirisha vinashikwa na xfwm4, vya kufungua programu vinashikwa na nyingine inaitwa xfsettingsd. Ukijua hilo hutahangaika. Na kwa kuwa uko hapo, ongeza mbili za biashara: amri `libreoffice --writer` iwe Super+W, na `xflock4` iwe Super+L. Hiyo ya pili inafunga skrini, ukiinuka kwenda kwenye mashine ya fotokopi unaipiga, mteja haangalii kazi za wenzake.

Tukuje kwa la tatu, ambalo mimi naliona ndio zito, hili la maneno kuingia dirisha lingine. Neno la siri la mtu liliingia kwenye chat mbele ya watu. Kabla ya seting yoyote, mtafute huyo mteja umwambie abadilishe hilo neno la siri, na ufute hiyo meseji kama chat yako inaruhusu. Na kuanzia leo mpe kibodi aandike mwenyewe. Najua kuna wengine wanakuomba uwaandikie kwa sababu hawajazoea kompyuta, na wengine wanakuachia hata namba ya siri ya Mobile Money bila kufikiri, lakini mgeuzie kibodi, mwonyeshe kitufe kimoja kimoja, asubiriwe. Ni heshima kwake na ni usalama kwako, siku pesa zikipotea hutakuwa kwenye orodha ya waliojua.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Dirisha jipya likifunguka, meneja wa madirisha kwa kawaida analipa focus, yaani unachoandika kinaenda kwake. Mara nyingi hicho ndicho unachotaka, umebonyeza Firefox ifunguke uandike. Lakini kwenye mashine ya zamani Firefox inachukua muda, wewe umesharudi Writer unaandika, ghafla inafunguka inakupokonya katikati ya neno. Na kuna la pili tofauti kidogo, dirisha ambalo lipo wazi tangu asubuhi, kama chat, likipata meseji linaomba kuja mbele.

Kwa la kwanza, nenda Window Manager Tweaks, tabu ya Focus, weka tiki kwenye "Activate focus stealing prevention". Kinachofanyika ndani ni kwamba kila dirisha linabeba alama ya saa uliyoligusa mara ya mwisho. Dirisha jipya likitaka focus, meneja analinganisha: lilianzishwa kabla au baada ya kitufe ulichobonyeza mwisho pale unapoandika? Kama wewe umeshaendelea na kazi nyingine baada ya kuliita, hapewi, linafunguka nyuma na jina lake linamulika kwenye paneli. Kwa la pili, hapo hapo kuna "When a window raises itself", chagua "Do nothing".

Halafu rudisha focus iwe "Click to focus" kule Window Manager, tabu ya Focus. Ile ya kufuata mausi kuna watu wanaipenda na wana sababu zao, mtu anayefanya kazi peke yake kwenye meza yake, lakini kwenye kaunta ambayo mikono mitatu inapita, karatasi zinasukuma mausi, itakuwa inakuhamisha kila wakati. Umeona mwenyewe. Ile tiki ya kuyapa focus madirisha mapya iache ilivyo, ukiitoa itabidi ukliki kila dirisha unalofungua na utachoka siku ya kwanza.

Nisikufiche mipaka yake. Hii kinga si ukuta. Siku zingine itakosea upande wa pili, dirisha ulilolitaka kweli litafunguka nyuma na utafikiri halijafunguka, angalia paneli kama kuna jina linamulika. Na haisaidii kitu kwa vile vinavyochomoza ndani ya ukurasa wa Firefox, kwa sababu kwa meneja wa madirisha Firefox ni dirisha moja, yaliyomo ndani hayaoni. Kwa hiyo chat yako ya binafsi usiifungue kwenye mashine ya wateja. Bora zaidi, tengeneza akaunti mbili kwenye kompyuta, moja yako na moja ya kazi za wateja. Seting zote nilizokueleza zinakaa ndani ya akaunti ya mtu, kwa hiyo utalazimika kuzifanya kote kuwili, lakini chat na faili zako hazitakutana tena na macho ya mteja.

Kuhusu faili aliyoibadilisha kijana, mwambie hakukosea mahali, alikosea saa. Seting za Xfce zinakaa kwenye faili za XML ndani ya `~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/`, ya madirisha ni `xfwm4.xml` na ya vitufe ni `xfce4-keyboard-shortcuts.xml`. Ila wakati umeingia kwenye akaunti, kuna programu inaitwa xfconfd inazishika zote kwenye kumbukumbu yake, na yenyewe ikiandika tena inafunika mabadiliko yako. Akitaka kufanya kwa amri atumie teminali, lile dirisha la kuandikia amri, hivi: `xfconf-query -c xfwm4 -p /general/scroll_workspaces -s false`, hiyo inaongea na xfconfd moja kwa moja na inabaki. Kwa mashine ya pili, badala ya kurudia karibu kila kitu, mkiwa na toleo moja la Mint kote, anaweza kunakili hizo faili mbili kwenye flash na kuziweka kule wakati hiyo akaunti haijafunguliwa, kwa kuingia na akaunti nyingine yenye ruhusa ya msimamizi. Ahakikishe tu mwenye faili anabaki ni akaunti husika. Hiyo flash iwekeni, ndio itakuokoa mtu akivuruga. Mkivuruga vitufe peke yake, ile tabu ya Keyboard ina Reset to Defaults, ila kumbuka itarudisha na zile Ctrl+F zote.

Sasa swali la Windows. Nitalijibu bila upendeleo ingawa mimi ni mtu wa Linux. Kama wateja wako wengi wanaleta faili za CorelDRAW au Publisher wanataka zirekebishwe zibaki vile vile, hiyo ni sababu ya kweli, Inkscape na LibreOffice zitakuangusha hapo. Na kupanga madirisha kushoto na kulia kwa mishale Windows inafanya bila kuseti chochote. Lakini Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, desktop za umri huo nyingi hazifiki. RAM 4GB inakubalika kwenye karatasi tu, kwa kazi ya siku nzima ni mateso. Kwa hiyo kurudi Windows kwako maana yake ni kununua mashine, si kuweka CD. Na virusi vya flash vitarudi. Kwa matatizo uliyoyataja peke yake, mimi nisingerudi.

Kuna mtu anaweza kukushauri uweke i3, yule meneja wa madirisha aliyeanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009, ambaye anapanga madirisha yote yenyewe na unaendesha kila kitu kwa kibodi. Ni kazi nzuri sana, ni nyepesi kuliko Xfce, na kijana kama anapenda kompyuta ajifunze kwenye akaunti yake. Kwenye kaunta hapana. Siku umeajiri msichana wa kukusaidia, atafungua mashine akute skrini haina menyu, haina kitufe cha kupunguza dirisha, na wewe uko sokoni.

Mara moja moja, hasa umeme ukiwa wa kurudirudi, utakuta madirisha hayana mstari wa juu kabisa na hayasogei. Hapo xfwm4 imeanguka au haikuwashwa. Piga Alt+F2, weka mshale wa mausi juu ya kisanduku, andika `xfwm4 --replace` na Enter. Kazi iliyo wazi haiguswi. Kama inarudia kila ukiwasha, kuna uwezekano mkubwa kikao kilichoseviwa, yaani kumbukumbu ya madirisha ya mara ya mwisho, kimeharibika. Futa yaliyomo ndani ya `~/.cache/sessions`, toka, ingia tena, na ukitoka usiweke tiki ya kusevu kikao.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu, hayo mwite fundi aje akae nawe. Kama baada ya kufuta Ctrl+F12 kwenye orodha bado iko kimya, fungua teminali uandike `xev`, piga F12 mshale ukiwa juu ya kile kidirisha cheupe. Isipoonyesha mstari wowote jaribu kibodi ya mashine ya pili, ikifanya kazi basi kibodi ndio imekufa, nunua nyingine, ni rahisi kuliko kuitengeneza. Kama kitufe kinajibonyeza chenyewe, au kuna soda ilimwagika, hiyo pia ni ya mikononi. Na kama baada ya umeme kukatika mashine inawaka na maandishi meusi na meupe inalalamika kuhusu diski, usijaribu amri za kuokota huku na kule, izime na uipeleke. Ukiipeleka nenda mwenyewe, kaa hapo inapofunguliwa, na faili za wateja uwe umeshazinakili kwenye diski ya nje kabla haijafika siku hiyo, manake zina namba za vitambulisho na TIN (namba za kodi) za watu.